Ramani Aliyoletewa na Babaye

Kwa wengi wetu jina la Johann Ludwig Krapf ni jina la darasani: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, mwaka 1849, na mtungaji wa sarufi na kamusi ya Kiswahili. Mimi ninayefundisha isimu nimelitaja jina hilo miaka mingi bila kujiuliza ni nani aliyemfundisha yeye kukipenda kitabu.

Jibu liko nyumbani kwao. Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani, mwana wa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Akaugua takriban miezi sita. Kitandani hakuwa na mwalimu; alikuwa na Biblia na vitabu vya dini vya nyumbani. Alivisoma hata visa vyake vikamkaa moyoni, na alipopona akawa akiwasimulia wavunaji shambani.

Baadaye alitiwa shule mjini Tübingen. Babaye akampelekea kitabu cha ramani, na muuza vitabu mmoja mzee akamwazima juzuu ya safari za James Bruce katika Uhabeshi, iliyojaa habari za fisi. Kijana alipoitazama ramani, aliona kwamba nchi za Adal na Wasomali zina majina machache mno, akajiuliza kama huko ni jangwa tupu la fisi. Kumbe palikuwa na watu, ngamia na visima, na kila kisima kina jina lake! Aliyekosa elimu ni mchora ramani.

Ukurasa ule mtupu ndio uliomvuta Afrika. Alianzia Uhabeshi mwaka 1837, akajifunza Kioromo huko Shoa. Aliposhindwa kurudi Shoa, alifika Mombasa mwaka 1844, akitumaini kuwafikia Waoromo waliokuwa wakichunga kati ya Juba na Tana, katika nchi ambayo sehemu yake leo ni Garissa. Tarehe 13 Julai mwaka huohuo mkewe, Rosine, alifariki. Kitoto chao cha kike kikamfuata baada ya siku chache. Huyu aliyelelewa na vitabu vya nyumbani hakubakiwa na nyumba ya kulea. Hata hivyo aliendelea kuifasiri Biblia kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Mwislamu. Sarufi yake ilitoka mwaka 1850. Kituo alichokitamani miongoni mwa Waoromo hakukianzisha. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881 huko Kornthal, na kamusi yake ikatoka mwaka uliofuata.

Simsifu kwa kila jambo; aliwatazama watu wetu kwa macho ya zama zake. Lakini maisha yake yanamhusu mzazi wa Garissa, awe Mwislamu au Mkristo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Madarasa yakabaki bila walimu. Mwalimu akiondoka, mtoto hubaki na nani ila wazazi wake na kitabu kilichomo nyumbani, kama kimo?

Sisemi shule iachwe. Sheria ya elimu ya mwaka 2013 yamtaka kila mtoto aende shule, nami naiunga mkono. Nasema kwamba shule hujenga juu ya msingi uliowekwa nyumbani. Familia nyingi za Kaskazini Mashariki zaujua msingi huo, kwani watoto wao huanza kuhifadhi Kurani kabla ya kuijua alfabeti ya shule. Basi kando ya msahafu au Biblia, mzazi na aweke kitabu cha hadithi na kitabu cha ramani, kisha aketi na mwanawe amwonyeshe Tana, Ijara na Dadaab, na amtajie majina ya visima ambavyo bado havijaandikwa.