Shaaban Robert: Karani Aliyetuachia Hazina

Hebu leo tumkumbuke gwiji wa Kiswahili, marehemu Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Serikali ya mkoloni ilimhamisha huku na kule, Pangani ikiwemo. Kumbe huyo karani wa makaratasi alikuwa akitunga mashairi na hadithi! Adili na Nduguze, kile kisa cha ndugu wawili wenye wivu wanaogeuzwa manyani, kilitoka 1952, na vijana wengi wamekisoma darasani. Alipata Tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na Uingereza ikampa nishani ya M.B.E.

Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53 tu. Kufikirika na Utubora Mkulima vilitolewa yeye yumo kaburini tayari.

Sasa wenzangu wa Homa Bay na Migori, wapo wanaodai eti Kiswahili ni cha watu wa pwani, kwa hivyo sisi wa Dholuo, Kisuba na Kikuria tuwaachie wenyewe. Kwani hawajui? Bingwa huyu mwenyewe asili yake ilikuwa ya Wayao, na bado alikienzi Kiswahili kuliko wengi. Lugha ni ya anayeitumia. Basi mwanachama, shika kalamu nawe uandike!