Bibi Marie Curie na Marudio Yenye Hazina

Ndugu msomaji, ukifika Nyamongo, katika wilaya ya Tarime, utawaona wachimbaji wadogo wakisaga mawe na kuosha mchanga, na baadhi yao wakiyashughulikia hata marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu. Wanajua kwamba kilichobaki humo, ingawa ni kidogo, kina thamani. Aijuaye kazi hiyo atafahamu upesi habari za Bibi Marie Curie, kwani naye alipata hazina yake katika mabaki yaliyoachwa na wengine.

Alizaliwa Warsaw, nchini Polandi, tarehe 7 Novemba 1867, wakati mji huo ulipotawaliwa na Urusi. Chuo kikuu cha huko hakikuwapokea wanawake. Basi akawafundisha watoto majumbani mwa watu, akimsaidia dada yake asomee udaktari Paris, mpaka mwaka 1891 naye akaenda Ufaransa kusoma. Mwaka 1895 akaolewa na mtaalamu wa fizikia, Bwana Pierre Curie.

Mwaka 1896 Bwana Henri Becquerel aligundua kwamba uraniamu hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Bibi Curie akaanza kuipima miali hiyo, akakuta jambo la ajabu: mawe fulani meusi yenye uraniamu yalitoa miali mikali kuliko uraniamu safi yenyewe. Akakata shauri kwamba ndani ya mawe yale mna kitu kingine kisichojulikana. Mwaka 1898 yeye na mumewe wakatangaza elementi mbili mpya: poloniamu mwezi Julai, na radiamu mwezi Desemba.

Hapa, msomaji mpenzi, fikiri kidogo. Wanakemia hawakutosheka na tangazo. Walitaka kitu chenyewe kitengwe na uzito wake ujulikane. Je, walimdhulumu? La, hasha! Mwenye kudai ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha, na Bibi Curie alilijua hilo. Katika banda bovu lililovuja mvua, akachemsha mabaki ya mawe kutoka Bohemia yaliyokwisha kutolewa uraniamu, kilo 20 kwa mara moja, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma.

Tatizo ni kwamba radiamu yashabihiana mno na bariamu. Ikambidi kuyeyusha chumvi na kuiacha igande, tena na tena, kila mara akitenga sehemu yenye miali mikali zaidi. Kwa njia ya namna hiyo wanakemia walizitenganisha pia lanthanidi, jamii ya metali zinazofanana kama mapacha. Bwana Eugène Demarçay, aliyeitambua radiamu kwa rangi za nuru yake, ndiye aliyegundua mojawapo ya jamii hiyo, europiamu, mwaka 1901.

Hatimaye, mwaka 1902, kutoka katika tani nzima za mabaki, ilipatikana sehemu 1 tu ya 10 ya gramu ya chumvi ya radiamu. Uzito wake ukapimwa, na shaka ikaondoka. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na mumewe na Bwana Becquerel. Mumewe alikufa mwaka 1906 kwa kugongwa na gari la farasi, lakini mjane huyo hakuiacha kazi. Mwaka 1911 akapata tuzo ya pili, ya kemia.

Yeye na mumewe walikataa kuifanya njia yao kuwa mali yao ya kuuza. Waliieleza wazi kwa watu wote. Tiba ya saratani kwa miali ilikua kutokana na elimu hiyo, na leo hutolewa hata Bugando, Mwanza, wanakotibiwa wagonjwa wa Tarime na Serengeti.

Lakini miali ileile iponyayo yaweza kuua. Bibi Curie aliishika radiamu kwa mikono mitupu miaka mingi, akafa tarehe 4 Julai 1934 kwa ugonjwa wa damu. Mpaka leo madaftari yake hutunzwa kwa hadhari, maana yangali na miali.

Basi, ndugu, mfuate katika kutafuta ushahidi kwa subira, wala usidharau hatari kwa sababu tu haionekani. Mvuke wa zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu nao hauonekani, na madhara yake ni makubwa.