Emin Pasha na Lugha ya Kambini

Mtu apitaye sokoni Arua au Koboko husikia Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili na Kiingereza, na katikati ya hizo husikia Kinubi. Wako wanafunzi wanaokicheka Kinubi, wakisema kuwa ni Kiarabu kilichoharibika. Kabla hatujacheka, ndugu zangu, na tuzijue habari za Emin Pasha, ambaye askari wake walituachia lugha hiyo.

Alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, katika nchi ya Prussia, wazazi wake wakiwa Wayahudi. Jina lake lilikuwa Eduard Schnitzer. Baba yake alikufa yeye angali mdogo, mama akaolewa tena, na mtoto akabatizwa. Alisomea udaktari, akamaliza mwaka 1864, kisha akaenda kufanya kazi katika dola ya Waturuki. Huko alijifunza Kituruki na Kiarabu. Mwaka 1875 alifika Khartoum, na mwaka uliofuata Gordon alimchukua kuwa daktari wake huko Lado. Sasa aliitwa Emin. Alitumwa kwa Mutesa wa Buganda na kwa Kabalega wa Bunyoro, na mwaka 1878 akawa Gavana wa jimbo la Equatoria. Alikuwa mtu wa elimu: alikusanya ndege na mimea, akaandika maneno ya lugha za wenyeji.

Lakini lugha kubwa ya jimbo lake haikutungwa na mwenye elimu. Askari wake walikuwa Wadinka, Wabari, Wamakaraka na wengineo, kila mmoja na lugha ya mamaye. Amri zilitolewa kwa Kiarabu. Tangu zamani za kambi za wafanya biashara ya pembe, watu wa namna hiyo walishika maneno ya Kiarabu wakaacha mageuzo yake marefu. Hivyo katika Kinubi ana ja ni nilikuja, ana gi ja ni ninakuja, na ana bi ja ni nitakuja. Kitendo hakigeuki, kijineno kidogo tu hutangulia.

Januari 1885 watu wa Mahdi waliteka Khartoum, na Emin akakatiwa njia. Alihamia Wadelai, ng'ambo ya magharibi ya Nile, katika West Nile yetu. Askari walioa wanawake wa huku, wakazaa watoto, na maneno ya kambini yakawa lugha ya nyumbani.

Mwaka 1888 Stanley alikuja kumwokoa, lakini askari wengi hawakutaka kuondoka. Waliasi, wakamfunga Emin huko Dufile. Mjuzi wa lugha nyingi alishindwa kupatana na watu wake! Baadaye alifunguliwa, akafuatana na Stanley hadi Bagamoyo, Desemba 1889. Katika karamu huko alianguka dirishani akaumia kichwa. Alipopona aliwatumikia Wajerumani, na mwaka 1892 aliuawa Kongo na watu wa wafanya biashara ya watumwa.

Askari waliobaki wakiongozwa na Selim Bey walichukuliwa na Kapteni Lugard mwaka 1891. Lugha yao ilikwenda nao katika ngome za Uganda, na baadaye mpaka Kibera, Kenya.

Basi tukitazame Kiingereza, tunachokiheshimu. Nacho kililetwa Uingereza na makabila yaliyovuka bahari. Mwaka 1066 Wanormani waliitawala nchi, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa. Mchungaji alimwita mnyama wake cow, lakini nyama yake mezani ikaitwa beef, neno la Kifaransa. Kiingereza nacho kiliacha miisho mingi ya maneno yake ya kale. Je, twasema kimeharibika?

Emin hayuko, wala Wadelai si makao ya gavana tena. Lugha ya askari wale ingali hai sokoni kwetu. Tujifunze Kiingereza kwa bidii, wala tusimcheke mwenzetu kwa lugha aliyofundishwa na mama yake.