Rangi Si Ugonjwa

Katika kupinga ubaguzi, hatuna budi kumkumbuka W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1868. Siku zile walikuwako wataalamu waliodai kuwa watu weusi hufa kwa wingi kwa sababu ya asili yao. Yeye hakubishana kwa maneno matupu. Mwaka 1896 na 1897 alipita nyumba kwa nyumba katika Kata ya Saba ya Philadelphia. Akakuta jamaa waliobanwa na ubaguzi katika vyumba vya msongamano, visivyo na hewa wala bafu, nao wakitozwa kodi kubwa. Akayaandika hayo katika kitabu mwaka 1899.

Mwaka uo huo mwanawe mdogo alifariki Atlanta kwa dondakoo. Baba hakukata tamaa. Mwaka 1906 uchunguzi aliouongoza ulibainisha kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa kijamii, wala si wa rangi. Alifariki Accra mwaka 1963.

Ndugu wafanyakazi, awafungiaye wenzake katika mtaa mbovu huwaua polepole bila silaha. Kupigania makao bora ni kupigania uhai.