Victor Hess, Mkatoliki Aliyepima Mionzi Itokayo Mbali Kuliko Jua

Wapagazi wa Tarakea wanaopandisha wageni kwa njia ya Rongai wanayajua mateso ya mwili mtu akishalipita pango la Hans Meyer na kuelekea Gilman's Point: kichwa huuma, pumzi hukatika, vidole hufa ganzi. Kimo cha namna hiyo, mita 5,350, juu kuliko kilele cha Mawenzi, ndicho alichofikia Mkatoliki mmoja wa Austria asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1912. Yeye hakupanda mlima. Aliketi ndani ya kikapu cha puto la haidrojeni, akisoma ala tatu za kupimia mionzi. Vijana wetu wa sekondari hutuuliza mara kwa mara kama msomi wa fizikia aweza kubaki mwamini, nasi tunaona vema wamfahamu mtu huyu.

Victor Franz Hess alizaliwa tarehe 24 Juni 1883, siku Kanisa linapoadhimisha Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji. Baba yake alikuwa bwana misitu. Alipata shahada ya udaktari mjini Graz mwaka 1906, kisha akafanya kazi Vienna katika taasisi ya utafiti wa radiamu. Wakati ule wataalamu walisumbuliwa na jambo dogo: hata hewa iliyofungwa vizuri ndani ya chombo ilipitisha umeme kidogo, kana kwamba mionzi fulani ilipenya kuta zake. Wengi walidhani chanzo ni miamba ya ardhi. Padre Theodor Wulf, Mjesuiti, alitengeneza elektrometa imara, na mwaka 1910 akaipandisha Mnara wa Eiffel. Mionzi ilipungua, lakini si kwa kiasi kilichotarajiwa.

Hess akachukua ala za namna hiyo na kupaa nazo. Tarehe 17 Aprili 1912 jua lilipatwa, naye alikuwa angani. Mwezi ulipoliziba jua, vipimo havikushuka. Basi jua halikuwa chanzo kikuu. Mwezi Agosti ndipo alipofika kile kimo tulichotaja, na huko mionzi ilikuwa yapata mara mbili ya ile ya chini. Ilitoka juu, nje ya dunia. Leo tunaiita mionzi ya kosmiki, na kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936, pamoja na Carl Anderson wa Marekani.

Lakini jua halikuwa limemaliza kusema nafsi yake. Hess alikuwa ameanzisha kituo cha vipimo juu ya mlima Hafelekar, karibu na Innsbruck, kwenye mita 2,300. Mwaka 1937, wakati wa dhoruba ya sumaku iliyotikisa dira duniani, yeye na mwenzake waliona mionzi ikipungua ghafula. Scott Forbush wa Marekani aliona hali ileile katika vituo vilivyo mbalimbali. Sababu ilikuja kueleweka polepole. Mionzi hii kwa sehemu kubwa ni protoni, chembe zenye chaji ya umeme, na sumaku huipinda njia ya chembe kama hizo. Jua nalo hupuliza upepo wa chembe usiokoma, unaobeba uga wake wa sumaku hadi mbali kupita sayari zote. Na kwa kuwa jua huzunguka, uga huo hujisokota. Jua linapokuwa na madoa mengi, kila baada ya miaka kama 11, uga huo huvurugika na kuizuia zaidi mionzi, hata ikatufikia michache. Mwezi Agosti 2012, miaka 100 baada ya puto lile, chombo Voyager 1 kilivuka mpaka wa upepo huo, na mionzi ya kosmiki ikaongezeka kama mtu aliyetoka nje ya ua.

Hess mwenyewe alilipa kwa mwili wake: radiamu ilimuunguza mkono hata akakatwa kidole gumba. Mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria walimfukuza kazini Graz, kwa sababu alikuwa Mkatoliki asiyejificha na mke wake, Mary Bertha, alikuwa na asili ya Kiyahudi. Walikimbilia Uswisi, kisha New York, ambako Wajesuiti wa Chuo Kikuu cha Fordham walimpa nafasi ya kufundisha. Mwaka 1946 aliandika makala juu ya imani yake, akishuhudia kwamba katika miaka yake yote ya utafiti hakuona mgongano kati ya sayansi na dini. Tukumbuke kwamba aliyeandika hivyo alikuwa ameshanyang'anywa kazi na nchi.

Alifariki tarehe 17 Desemba 1964 huko Mount Vernon, New York. Mionzi aliyoipima ingali inayapiga mawe ya Kilimanjaro usiku na mchana. Ndani ya mawe hayo huzalisha aina adimu ya klorini, na wanajiolojia wameipima ili kujua ni lini barafu ya kale iliyaacha mawe hayo wazi mlimani.