Martin Luther King: Msomi wa thiolojia aliyetaka ualimu akatwikwa mapambano

MARTIN Luther King anakumbukwa kote duniani kwa hotuba na maandamano. Ni wachache wanaofahamu kwamba azma yake ya ujanani ilikuwa kusomea thiolojia hadi upeo wa juu, kisha afundishe chuoni.

Alizaliwa Januari 15, 1929 jijini Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani, katika ukoo wa wahubiri wa Kibaptisti. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa la Ebenezer, wadhifa alioupokea kutoka kwa babu mzaa mama wa King. Kijana huyo alijiunga na Chuo cha Morehouse akiwa na miaka 15 na kuhitimu katika sosholojia mwaka wa 1948.

Mzee King alitarajia mwanawe arithi mimbari. Mwana naye hakuwa na pupa. Alielekea Pennsylvania, katika seminari ya Crozer ambako wanafunzi wengi walikuwa Wazungu, na mwaka wa 1951 akaibuka wa kwanza darasani. Alituzwa ufadhili wa dola 1,200 za kuendeleza masomo.

Swali likawa, aende wapi? Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kilikuwa tayari kumpokea, lakini alichagua Chuo Kikuu cha Boston. Huko alifundisha Edgar Brightman, mwanafalsafa ambaye maandishi yake yalikuwa yamemvutia King akiwa Crozer. Brightman alishikilia kwamba Mungu ni nafsi hai, na kwamba nafsi ya kila binadamu ina thamani isiyopimika. Kwa kijana aliyelelewa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, fundisho hilo halikuwa nadharia tupu.

Katika ombi lake la kujiunga na chuo hicho alieleza kuwa alitamani kufundisha chuoni au katika shule ya dini. La ajabu ni kwamba katika mtihani wa kitaifa wa wanaotafuta masomo ya juu, bingwa huyu wa maneno hakung'ara katika sehemu ya lugha.

Aliwasili Boston Septemba 1951. Alipotafuta chumba cha kupanga, nafasi zilizotangazwa kuwa wazi zilitoweka punde wenye nyumba walipoiona rangi yake. Hata hivyo, alisoma kwa bidii, akahudhuria pia masomo ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Harvard, na kuwakusanya wanafunzi weusi wenzake kujadili makala za kitaaluma. Ni Boston alikokutana na Coretta Scott, mwanafunzi wa muziki, wakafunga ndoa Juni 18, 1953.

Brightman alifariki mwaka huo huo, na Harold DeWolf akachukua jukumu la kumsimamia. Tasnifu yake ililinganisha dhana ya Mungu katika fikra za Paul Tillich na Henry Nelson Wieman.

Kabla ya kuikamilisha, alikubali mwaka wa 1954 kuwa mchungaji wa kanisa la Dexter Avenue mjini Montgomery, Alabama. Alirauka saa kumi na moja unusu alfajiri kuandika, kisha akairudia kazi hiyo usiku baada ya shughuli za kanisa. Alitunukiwa shahada ya uzamifu Juni 5, 1955.

Miezi sita baadaye, Desemba 1, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi. Mchungaji mwenye umri wa miaka 26 akateuliwa kuongoza mgomo uliodumu siku 381.

Sifa zake zilivuka bahari. Mei 1959, Tom Mboya alikuwa mgeni wa heshima katika dhifa iliyoandaliwa Atlanta na shirika la King. King aliunga mkono juhudi za Mboya za kuwatafutia vijana wa Kenya elimu ya juu Marekani.

Shahada yake haikukosa doa. Mwaka wa 1990 ilifichuka kwamba watafiti wa nyaraka zake walikuwa wamegundua sehemu za tasnifu zilizonakiliwa kutoka kwa wengine bila kuwataja ipasavyo. Kamati ya Chuo Kikuu cha Boston ilithibitisha kosa hilo mwaka wa 1991, lakini haikupendekeza avuliwe shahada. Iliagiza barua ya maelezo iambatishwe kwenye nakala iliyo maktabani.

Kazi ya ualimu aliyoitamani aliionja kwa muda mfupi tu, alipofundisha Morehouse mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 1964 na kuuawa kwa risasi mjini Memphis, Aprili 4, 1968, akiwa na miaka 39. Fundisho la Boston kuhusu thamani ya kila nafsi hakulipeleka darasani. Alilipeleka barabarani, mahakamani na jela.