Reith, mutu mwenye alilipisha kila nyumba radio

Mu nyumba mingi za Likasi, mwisho wa mwezi uko na palabre yake. Abonema ya dekoda inaisha, picha inakatika, watoto wanalalamika juu ya mechi, na baba anahesabu mushahara wenye umekwisha kugawanywa: franga za masomo, mufuko wa unga, deni ya ku duka. Mama anauliza kwa nini tulipe tele ya watu wa mbali, wakati Leta iko na tele yenye ingepaswa kuwa ya wote. Baba anajibu kama tele ya Leta haiishi na franga zetu, njo maana haituoni. Kiisha mutoto mukubwa anasema afazali kila nyumba ilazimishwe kulipa kidogo, ili tupate tele yetu wenyewe. Hapo kelele inapanda.

Hii palabre haikuanzia kwetu. Miaka mia moja iliyopita, mutu mumoja aliikamata mu mikono na kuikata kwa namna yake. Jina yake ni John Reith. Njo yeye alijenga BBC ya Uingereza juu ya musingi wa malipo ya lazima, na inchi mingi zilifuata ile njia. Tunaeleza maisha yake leo juu yanagusa mufuko wetu, na pia juu siku yake ngumu kuliko zote ilikuwa siku ya wachimbaji.

MUTOTO WA PASTA, MUTU WA MASINI

Reith alizaliwa tarehe 20 Julai 1889 ku Stonehaven, muji mudogo wa kando ya bahari mu Scotland. Alikuwa mutoto wa mwisho kati ya saba. Baba yake alikuwa pasta ku Glasgow, na mu ile nyumba siku ya yenga ilikuwa ya Mungu peke yake. Baba hakumutuma ku iniversite. Alimutia ajifunze kazi ya mikono mu kiwanda cha North British Locomotive, kwenye walikuwa wanatengeneza masini za treni. Wazee wetu wenye walitumika ku reli watafahamu: miaka mitano ya mafuta ku mikono na kuamuka mbele ya jua. Kijana hakuipenda, juu aliamini kama Mungu alimuwekea kazi kubwa kuliko ile, lakini alimaliza.

Vita ya kwanza ilimukuta injiniere. Mu Oktoba 1915, ku Ufaransa, risasi ilimupasua shavu, na kovu ilibakia ku uso wake maisha yote. Alikuwa mutu murefu sana, karibu mita 2, mwenye macho makali. Ukiongeza na ile kovu, wengi walimuogopa mbele hajafungua kinywa. Alipopona walimutuma Marekani kuangalia utengenezaji wa bunduki. Kiisha vita aliongoza kiwanda kimoja karibu na Glasgow, na mu 1922 alikuwa anatafuta kazi.

Mu Oktoba ya ule mwaka aliona tangazo mu gazeti: kampuni mupya ya radio inatafuta mukubwa wa kazi. Aliandika barua, akaitia mu sanduku ya posta ya klabu kwenye alikuwa anafikia. Kiisha njo akatafuta kujua mwenye atamupokea ni nani. Alipoona kama ni mutu wa Aberdeen, alirudi mbio, akalomba barua yake, akaongeza maneno juu ya ukoo wake wa upande ule. Walimupa kazi mu Desemba. Yeye mwenyewe alikubali baadaye kama ile siku hakujua hata radio ya kutangazia watu ni kitu gani. BBC ilikuwa na wafanyakazi 4.

SHILINGI 10

BBC ya kwanza haikuwa ya Leta. Ilikuwa kampuni ya wenye kutengeneza masini za radio. Walitaka kuwe kitu cha kusikiliza ili watu wanunue masini. Lakini swali ilikuwa ile ile ya mu nyumba zetu: nani alipe? Mukate unauzwa kwa mwenye amelipa, mwenye hakulipa anarudia njaa. Sauti ya radio ilikuwa inapita mu hewa, inaingia kwa mwenye kulipa na kwa mwenye hakulipa. Wakati ule haikukuwa dekoda ya kufunga mulango.

Ku Marekani walianza kuuza saa za radio kwa wafanyabiashara, na matangazo ya biashara yakalipa yote. Uingereza ilikamata njia ingine. Kila mutu mwenye alikuwa na radio mu nyumba alipaswa kununua ruhusa ku posta, shilingi 10 kwa mwaka, na sehemu ya zile franga ilienda BBC. Kwa muchimbaji wa makaa, shilingi 10 ilikuwa karibu mapato ya siku moja. Mutajiri mwenye shamba na farasi alilipa sawasawa naye. Kuanzia 1926 vipofu waliachiliwa wasilipe.

Watu walikimbia ile malipo, sawa vile watu wanakimbia malipo fasi zote. Wengi walijitengenezea radio mu nyumba na hawakuonekana ku posta. Lakini pole pole walikubali, juu kitu walipata kilionekana: habari, muziki, mashauri ya kulima, masomo ya watoto. Kufikia mwisho wa 1926, ruhusa zilipita milioni 2. Mu 1939 zilikuwa karibu milioni 9.

Reith alitetea ile lazima kwa nguvu zote. Mawazo yake yalikuwa haya. Kama mufanyabiashara ndiye analipa, radio itasema yenye inauzisha sabuni. Kama kila mutu analipa akipenda tu, radio itafuata wenye kuwa na franga, na mashamba ya mbali yataachwa juu hayaleti faida. Kama Leta inalipa kutoka mu sanduku yake, kila waziri atataka kushika mikro. Lakini kama kila nyumba inalipa sawa, radio iko na deni kwa kila nyumba: kufundisha, kuhabarisha na kufurahisha, ku muji mukubwa na ku kijiji, kwa sauti moja nzuri.

Kuko uzuri mu ile mawazo, na kuko ubaya vilevile. Reith hakuuliza watu wanataka nini; aliwapa yenye yeye aliona ni muzuri kwao. Siku ya yenga BBC ilikuwa maubiri na muziki mizito. Mu miaka ya 1930 mamilioni ya Waingereza waligeuza kifungo cha radio, wakasikiliza Radio Normandie na Radio Luxembourg, zenye ziliishi kwa matangazo ya biashara na zilipiga nyimbo za kucheza. Walilipa BBC kwa lazima, kiisha wakaenda kwa jirani kwa kupenda. Hata ku kazi alikuwa hivyo: mu 1929 injiniere wake mukubwa, Peter Eckersley, aliondoka juu ya talaka yake tu.

SIKU YA WACHIMBAJI

Sasa tufike mu Mei 1926. Wenye migodi ya makaa ya Uingereza walitaka kupunguza mushahara na kuongeza saa za kazi. Wachimbaji walikataa. Tarehe 1 Mei walifungiwa inje ya migodi, zaidi ya milioni moja. Usiku wa tarehe 3, sendika zingine kubwa ziliingia mu greve pamoja nao: treni, basi, viwanda, hata wenye kuchapa magazeti. Inchi ilibakia karibu bila gazeti. Ghafula ile radio ya miaka mitatu na nusu ikawa kinywa cha inchi nzima, na nyumba za wachimbaji zenye kuwa na radio ziliisikiliza kama zingine, juu zililipa shilingi 10 kama zingine.

Winston Churchill, mwenye alikuwa waziri wa franga, alitaka Leta ikamate BBC na kuifanya silaha. Reith alikataa. Waziri mukuu Baldwin aliacha BBC isikamatwe, na ile ilikuwa ushindi wa kweli: habari za sendika zilisomwa pamoja na za Leta.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Askofu mukubwa wa Canterbury alitaka kusoma ombi la amani, lenye lililomba pande zote zirudi nyuma. Reith alimuzuia, na ombi lilikaa siku kadhaa mbele halijapita. Ramsay MacDonald, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alilomba mikro; Leta ilikataa, na Reith alitii. Baldwin yeye aliongea na inchi kutoka mu nyumba ya Reith mwenyewe. Mu kitabu chake cha siku kwa siku, Reith aliandika kama Leta haikukamata BBC juu ilijua haitakuwa kati na kati kweli kweli. Ni yeye aliandika, si adui yake.

Tarehe 12 Mei greve ya wote ilikwisha, na ni sauti ya Reith ilitangaza. Wachimbaji walibakia peke yao mu njaa mupaka karibu Novemba, kiisha wakarudi mu migodi kwa mushahara mudogo na saa nyingi. Tarehe 1 Januari 1927 BBC iliacha kuwa kampuni, ikawa shirika la watu wote lenye barua ya mufalme, na Reith akapewa heshima ya kuitwa Sir.

Sisi watu wa hapa hatuwezi kusoma hii habari kwa macho makavu. Mu Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara, hapa Likasi na Panda, na kule Lubumbashi. Walipigwa risasi. Wazee walituachia ile habari kwa kinywa, juu hakuna mwenye aliwapa mikro.

KUFIKA AFRIKA, KUFIKA TELE

Mu 1934 serikali ya Afrika ya Kusini ilimuita Reith ayaangalie mambo ya radio. Alishauri waunde shirika moja la wote kama BBC, na mu 1936 SABC ilizaliwa, na malipo ya lazima ku kila radio. Ndugu zetu wenye walienda kutafuta maisha Johannesburg wanajua ile malipo mupaka ku tele ya leo. Mupango ulikuwa wa Reith, lakini Leta ilikuwa ya wazungu peke yao, na baadaye ile radio ikawa kinywa cha ubaguzi. Malipo ya lazima hayakuiponyesha.

Tele ya BBC ilianza tarehe 2 Novemba 1936. Reith hakuipenda sana, na mu Juni 1938 aliacha BBC. Alijuta maisha yote. Mu vita ya pili alikuwa waziri mara tatu, mupaka Churchill akamufukuza mu 1942. Kuanzia 1946 mwenye kuwa na tele alilipa paundi 2 kwa mwaka. Mu 1952, mu bunge la wakubwa, Reith alisimama kupinga tele ya matangazo ya biashara, akaifananisha na magonjwa ya kuua watu kama ndui na tauni. Hawakumusikiliza. Tele ya biashara ilifunguliwa mu Septemba 1955, na watu waliipenda.

Alikufa ku Edinburgh tarehe 16 Juni 1971. Mu Februari ya ule ule mwaka, malipo ya radio yalifutwa, ikabakia ya tele tu. Ile ya tele ilibakia: mu Aprili 2025 ilifika paundi 174.50 kwa mwaka. Ufaransa iliifuta yake mu 2022, Wallonie ya Belgique mu 2018. Ku Marekani tele za watu wote ziliishi na zawadi za wenye kupenda pamoja na musaada wa Leta, na mu 2025 bunge liliukata ule musaada.

KURUDIA MU NYUMBA

Basi kati ya baba, mama na mutoto, nani ako na haki? Maisha ya Reith yanatuonyesha kitu kwa kila mumoja. Mutoto anasema kweli: malipo kidogo ya wote yanaweza kujenga kitu chenye abonema ya kupenda haitajenga. Dekoda inatuletea mechi, lakini haina deni ya kutuletea habari ya maji ya kartier yetu ao ya mugodi wenye umeporomoka. Mama anasema kweli: kitu chenye wote wanalipa kinapaswa kuwa cha wote, na mulipaji akichoka atageuza kifungo. Na baba anasema kweli: mwenye kulipa njo anaonekana.

Lakini baba anasahau kitu kimoja. Wachimbaji wa 1926 walilipa, na hawakuonekana. Risiti ilikuwa mu mufuko wao, lakini mwenye kuamua nani aongee alikuwa fasi ingine. Kwa hiyo, siku moja wakituletea karatasi ya kukata malipo ya tele ku mushahara, tusiulize paka ni franga ngapi. Tuulize nani anamuchagua mukubwa wa ile tele, nani anaweza kumufukuza, na siku sendika na kampuni hazipatani, mulango wa studio utakuwa wazi kwa pande zote mbili? Jibu likiwa ndiyo, na likiandikwa mu sheria, tunaweza kuzungumuza bei.